Ndugu yako akianza methadoni, usimwulize ataacha lini

DirishaLaDozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nafanya kazi kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini, hapa Dar, upande wa famasi. Asubuhi nipo dirishani nawanywesha watu dozi zao. Swali ninaloulizwa kuliko yote haliletwi na wagonjwa, linaletwa na ndugu zao: "Hii dawa ataacha lini?" Anauliza mama, anauliza mke, anauliza kaka mtu anayetoa nauli. Wengine hata hawaulizi, wanaamua wenyewe. Mgonjwa akishanenepa kidogo, akaanza kuoga, akapata kibarua, nyumbani wanamwambia sasa umepona, kule usiende tena. Tunamkosa wiki ya kwanza, ya pili, halafu muelimisha rika anakuja kutuambia kamwona maskani, kule wanakotumia unga. Mara nyingine anakuja kutuambia tumezika.

Nimechoka kusikia habari hizo, ndiyo maana nimeleta uzi huu. Nitaeleza dawa inafanyaje kazi, maana naona watu wengi wanaipinga au kuitetea bila kujua inachofanya mwilini.

Mtu akishazoea unga, yaani heroini, anafika mahali hautafuti tena kwa ajili ya stimu. Anautafuta asiugue. Baada ya masaa nane mpaka kumi na mawili tangu kete (kipakiti cha unga) ya mwisho, arosto inaingia: miayo, machozi, kamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kukata, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi hakuna. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya kuliko zote, kisha inalegea taratibu kwa muda wa wiki hivi. Ili asifike huko, mtu huyu anahitaji kete kadhaa kila siku ya Mungu, kesho na keshokutwa vilevile. Hela inapatikana wapi mnajua: simu ya jirani, vioo vya magari, sufuria za mama yake. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri akiwaza kete ya kwanza hana nafasi kichwani ya kuwaza kitu kingine.

Methadoni ni ya ukoo uleule wa afyuni kama unga, hilo silifichi. Tofauti iko kwenye mwendo wake. Unga ukidungwa unapanda kichwani ndani ya sekunde, unashuka baada ya masaa machache, unamrudisha kwenye arosto. Methadoni ya kunywa inapanda polepole, inafika juu baada ya masaa mawili mpaka manne, halafu inakaa. Kwa wengi, siku nzima ikipita bado kama nusu yake imo mwilini. Dozi moja ya asubuhi inambeba mpaka kesho asubuhi. Kule kupanda na kushuka kunaisha, na mtu anapata siku nzima mkononi, jambo ambalo wengine hawajalipata kwa miaka kumi.

Na dozi ikishatosha kinafuata kitu cha pili. Vipokezi vya ubongo ambavyo unga ungekwenda kuvikalia vinakuwa vimeshashikwa. Ni daladala iliyojaa: unga ukija unakuta siti zote zina watu. Wagonjwa wanatuambia wenyewe, "Nilivuta juu ya dozi, hela yangu imekwenda bure."

Lakini angalieni nilivyosema: dozi *ikishatosha*. Hapa ndipo ugomvi wangu na ndugu ulipo. Siku ya kwanza hatumpi zaidi ya miligramu 30, na wengi wanaanza chini ya hapo, kwa sababu methadoni inajikusanya. Ya leo inawekwa juu ya mabaki ya jana, na ya kesho juu ya hizo mbili. Ukiwa na haraka unaweza kumuua mtu siku ya nne kwa dozi ambayo siku ya kwanza ilionekana ndogo. Wiki mbili za mwanzo ndizo za kuangaliwa kwa macho mawili. Kisha tunapandisha kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa, na wengi wanatulia kati ya miligramu 60 na 120. Sasa ndugu anasikia "mia na kumi" anashtuka. Anamshinikiza mgonjwa aombe kushushiwa. Mgonjwa anashuka hadi 40, arosto inamrudia usiku, anavuta kidogo "kupooza", na ndugu anasema mmeona, dawa yenu haifanyi kazi. Haikupewa nafasi ya kufanya kazi. Dozi ndogo inazuia arosto kwa masaa machache na kumwachia hamu yote.

Kuhusu kuacha. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi uliounganisha tafiti kutoka nchi mbalimbali, watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni. Walipokuwa ndani ya tiba walikufa watu kama 11 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Walipokuwa nje ya tiba walikufa 36. Ni watu wa aina moja, tofauti ni kama yuko kwenye dawa au ametoka. Na wiki nne za kwanza baada ya kutoka ndizo zenye vifo vingi zaidi. Sababu haina fumbo: mwili uliokuwa umezoea unasahau upesi. Kijana akirudi maskani anadunga kile kipimo alichokiacha zamani, kipimo kinachomkumbuka yeye wa zamani, na pumzi inasimama.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ndugu yake ataacha lini, namuuliza kama mama yake mwenye presha ameshaambiwa tarehe ya kuacha vidonge. Wapo wanaoacha methadoni, tena vizuri. Wanaacha baada ya miaka, wakiwa na kazi na mahali pa kulala, kwa kushushwa polepole sana, na wakiona hali inayumba wanapandishwa tena bila kusimangwa. Tarehe hiyo anaipanga mgonjwa na daktari wake. Kikao cha familia hakiipangi.

Naomba kuwasilisha. Mwenye swali aulize, nitajibu nikitoka zamu.

---

Kiungo_Mkabaji

Mkuu nakuheshimu kwa kazi yako ila ukweli usemwe. Mnamtoa mtu kwenye unga mnamtia kwenye unga wa serikali. Yeye bado ni teja, tofauti hapangi foleni maskani anapanga hospitalini. Mimi nina mdogo wangu alikaa soba hausi (nyumba ya kuwarekebisha waraibu) miezi minne, akasali, akafanya kazi za bustani, akatoka msafi bila dawa yoyote. Huko ndiko kupona. Na hao wa methadoni ukipita pale nje ya kliniki unawakuta wamesinzia kwenye ngazi. Hiyo ni tiba?

---

DirishaLaDozi

Kaka, kwanza nafurahi kwa mdogo wako, kwa dhati kabisa. Soba hausi zimeokoa watu na wapo wanaohitaji kuwa mbali na mtaa kwa muda. Ninachokuomba uwe karibu naye sasa hivi kuliko ulivyokuwa alipokuwa ndani, kwa sababu mwili wake leo haubebi hata robo ya alichokuwa anabeba. Ikitokea ameteleza siku moja, siku hiyo moja inatosha. Mwambie wazi wazi, bila kumtisha: ukishindwa, njoo kwangu kabla hujaenda kokote, na usitumie peke yako.

Kuhusu "bado ni teja". Uraibu tunaupima kwa mambo yanayoonekana. Je, anaiba? Analala wapi? Anachangia bomba la sindano? Ana hamu inayomburuta? Mwili kutegemea dawa ni jambo jingine kabisa. Hata mgonjwa wa sukari anayechoma insulini mwili wake unaitegemea. Nina watu pale dirishani wanaokunywa dozi saa moja asubuhi na saa mbili wapo kazini: fundi wa friji, muuza mihogo, dada anayeshona. Wateja wao hawajui lolote. Wewe unawaona waliosinzia kwenye ngazi kwa sababu wengine wameshaondoka.

Na waliosinzia nao wana sababu. Dozi ya methadoni iliyopimwa vizuri haimsinzishi mtu aliyekwisha kuizoea. Ukimkuta anaangusha kichwa, mara nyingi amechanganya na vidonge vya usingizi, Valiamu hasa, au pombe. Mchanganyiko huo ndio unaotuulia watu walio ndani ya tiba, maana vyote kwa pamoja vinaikandamiza pumzi. Mtu akija dirishani ananuka pombe au macho yanafumba, hatumpi dozi mpaka daktari amwone. Wanatutukana sana siku hizo. Tunavumilia.

---

Mama_wa_Tanga

Shikamooni nyote mlio wakubwa. Mimi mwanangu wa pili yuko kwenye dawa huku Tanga. Amepandishwa mpaka 50 na bado anatumia, si kila siku lakini namjua mwanangu akishatumia. Baba yake amesema mwezi huu ukiisha asimwone tena nyumbani, na kwamba kliniki wanamshikilia ili wapate idadi. Nimesoma ulichoandika mwanangu mpaka nimelia. Nifanye nini?

---

DirishaLaDozi

Shikamoo mama, na pole sana.

Hamsini kwa watu wengi ni katikati ya ngazi. Nenda naye siku ya daktari, uombe kuingia pamoja naye kama yeye ameridhia. Msimulie daktari unachokiona wewe: anaamkaje alfajiri, anatoka jasho, anapiga miayo, hamu inamjia saa ngapi. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi anaficha kwamba bado anatumia, akiogopa kufukuzwa. Kliniki haimfukuzi mtu kwa sababu hiyo. Mkojo ukionekana una heroini, kwetu hiyo ni taarifa kwamba dozi haijafika. Huenda akapandishwa hatua kwa hatua na ukaona tofauti.

Baba mwambie hivi, kwa upole: dawa inatolewa bure, hakuna senti ya kijana inayoingia kliniki. Na kijana akifukuzwa nyumbani, maskani ndipo mahali pekee patakapompokea usiku huohuo.

Jambo moja zaidi, mama. Muulize anatumia na nani. Kama anadunga, asichangie bomba, hata na rafiki wa damu. Miaka ya 2000 tafiti za hapa Dar ziliwakuta kama wanne kati ya kumi wanaojidunga wana VVU, na hiyo ilikuwa sababu kubwa ya Muhimbili kufungua kliniki ya kwanza Februari 2011. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke, halafu Zanzibar pale Kidongo Chekundu, na sasa Dodoma, Mbeya, Mwanza, huko kwenu Tanga na kwingineko. Dokta Jessie Mbwambo, daktari wa magonjwa ya akili wa Muhimbili, na wenzake waliisukuma kazi hii wakati wengi wakiona ni kupoteza hela kwa watu waliokwisha kujipoteza.

---

Bahari_ya_Malindi

Nawasalimu kutoka Pwani ya Kenya. Mimi niko kwenye dawa, sioni haya kusema. Kenya walianza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwisho wa 2014, Malindi ikafunguliwa 2015, na mimi niliingia si muda mrefu baada ya hapo.

Wacha niwaeleze asubuhi yangu, manake naona wengi hawajawahi kufika ndani. Nafika, nataja namba yangu, dada wa dirishani ananitazama usoni kwanza. Hiyo kutazama ndiyo kupimwa, anaangalia kama nimelewa. Ananiuliza nimelalaje. Kikombe kidogo cha plastiki, dawa chungu, nameza mbele yake, ananipa maji, nayanywa, halafu lazima nimwambie kitu. "Ahsante dada." Asipoisikia sauti hanipi ruhusa kuondoka, kwa sababu kuna waliokuwa wanaificha mdomoni waende kuiuza. Mwanzo nilichukia hivyo vitu. Sahi namuona ni mtu pekee katika mji huu aliyeniuliza nimelalaje kila siku kwa miaka.

Ninachotaka kuwaambia ndugu: mlitusubiri tupone tuwe kama zamani, kama wale wa kabla ya unga. Mimi niliingia kwenye unga nikiwa na miaka kumi na saba. Hakuna mtu mzima wa zamani wa kurudia. Hiyo nafasi ya kujifunza kuwa mtu mzima nimeipata nikiwa kwenye dawa. Nimejifunza kulipa kodi ya nyumba. Nimejifunza kumwambia mke kwamba nimekasirika badala ya kutoka nje. Dadangu alinikazania niache, nikaacha nikimpendezesha, na mwezi haukuisha nikaokotwa kando ya barabara. Aliyeniokota alikuwa muelimisha rika aliyekuwa na naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha unga, mkobani. Bila yeye ningekuwa chini ya mchanga.

Sahi dadangu hauliziulizi tena. Ananiuliza kama nina nauli.

---

Binti_Mkunazini

Assalaam alaykum. Huku Unguja tatizo letu kubwa ni Ramadhani na maneno ya msikitini. Kaka yangu kila ukifika mwezi mtukufu anataka kuacha, anasema hawezi kumkabili Mola wake na ile kitu mwilini. Na kuna mzee kamwambia funga yake haiswihi na ni ulevi kama ulevi mwengine. Nisaidieni nimwambie nini, maana mimi si mwanachuoni.

---

DirishaLaDozi

Waalaykum salaam dada yangu.

Hukumu ya dini waachiwe wenye elimu, na nakushauri umpeleke kaka kwa sheikh anayekubali kumsikiliza daktari kwanza. La kitabibu nitakwambia: methadoni inanywewa mara moja kwa siku, kwa hiyo hakuna kinacholazimisha inywewe mchana. Mgonjwa aliyetulia anaweza kusogezwa anywe baada ya futari iwapo kliniki inaweza kupanga muda huo. Aulize mapema, wiki kadhaa kabla ya mwandamo, kwa sababu kuhamisha muda kunahitaji maandalizi. Asiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Akikosa siku tatu mfululizo hatuwezi kumrudishia dozi ileile kama kwamba hakuna kilichotokea. Anaangaliwa upya, anashushwa. Akipitisha siku tano tunaanza karibu na mwanzo. Ndugu wengi hawalijui hili, wanadhani kukosa wiki ni kama kukosa wiki ya vitamini.

Na kama itamsaidia kusikia: Malaysia, nchi ya Waislamu wengi, Msikiti wa Ar-Rahman mjini Kuala Lumpur ulianza kutoa methadoni kwa waraibu mwaka 2010, kwa kushirikiana na chuo kikuu. Watu walikunywa dozi na kuswali mahali hapohapo.

---

Bongo_Minnesota

Wakuu nachangia kutoka Marekani, nafanya kazi za uuguzi huku. Hali huku ni mbaya zaidi kwa sababu ya fentanili, afyuni ya kutengenezwa maabara, yenye nguvu karibu mara 50 ya heroini. Sheria zimelegezwa kidogo. Tangu 2020 mgonjwa wa methadoni aliyeimarika anaweza kupewa dozi za kwenda nazo nyumbani hadi za siku 28. Na tangu mwisho wa 2022 daktari hahitaji tena kibali cha pekee kuandika buprenofini, dawa nyingine ya kutibu uraibu huu, mgonjwa anaichukua famasi ya kawaida. Nashangaa kwa nini nyumbani watu wanapanda daladala mbili kila siku kufuata kikombe kimoja. Wengi si wanashindwa kwa sababu ya nauli?

---

DirishaLaDozi

Umegusa kidonda, kaka. Nauli inatutolea watu kwenye tiba kuliko kitu kingine chochote ninachokiona. Mtu anatoka Bunju au Mbagala ndani kabisa, kibarua hana, na kila asubuhi lazima afike mjini. Akipata kazi ya kuanza saa moja asubuhi, inabidi achague kazi au dozi. Napenda sana dozi za nyumbani ziwafikie waliotulia, kwa masharti: sanduku la kufungwa kwa ufunguo, kwa sababu dozi ya mtu mzima aliyezoea inamuua mtoto kwa kijiko kimoja tu. Hilo nalisema kwa kila mwenye mtoto nyumbani.

Buprenofini ni dawa nzuri na ningependa kuiona imeenea huku kwetu. Inawekwa chini ya ulimi, inaamsha vipokezi nusunusu tu, kwa hiyo hata ukizidisha, pumzi haibanwi kirahisi kama kwa methadoni. Wafaransa waliwaruhusu madaktari wa kawaida kuiandika tangu 1995, na vifo vya kuzidisha dozi vilishuka kwa karibu asilimia 80 ndani ya miaka minne. Ina sharti lake: mgonjwa lazima aanze akiwa arosto imeshaingia. Ukiiwahisha inausukuma unga nje ya vipokezi ghafla na kumtupa kwenye arosto kali kuliko aliyoijua. Kuna naltreksoni pia, ambayo inafunga vipokezi bila kuviamsha kabisa. Hiyo inamfaa mtu aliyekwisha kuwa safi kwa siku saba mpaka kumi angalau, na vidonge vyake wengi wanaviacha.

---

Nasra_K

Mimi swali langu ni la aibu kidogo. Nipo kwenye dawa Temeke, nina mimba ya miezi mitano. Wifi yangu kasema nitazaa mtoto teja, anataka niache kabla mtoto hajakua tumboni.

---

DirishaLaDozi

Hakuna aibu hapa, Nasra. Hongera.

Usiache. Arosto ya mama inamsumbua mtoto tumboni, inaweza kuitoa mimba au kuleta uchungu kabla ya siku. Methadoni wakati wa mimba ndiyo tiba inayopendekezwa duniani kote. Huenda miezi mitatu ya mwisho ukahitaji kuongezewa, kwa sababu mwili wa mjamzito unaisafisha dawa haraka. Ukianza kuamka na jasho na miayo sema, usivumilie.

Mtoto anaweza kuonyesha dalili za arosto siku za mwanzo: kulia sana, kutetemeka, kunyonya vibaya. Wakunga wakijua mapema wanamwangalia na inatibika, inaisha. Kwa hiyo waambie kliniki ya wajawazito kwamba uko kwenye methadoni, hata kama unaogopa macho yao. Kunyonyesha kunaruhusiwa na kunamtuliza mtoto. Kama una VVU, utafuata utaratibu wa kliniki yako ya mama na mtoto. Wifi yako akitaka, aje nawe siku moja. Nitamweleza mwenyewe.

---

Kiungo_Mkabaji

Mkuu nimesoma yote mpaka hapa. Sijabadilika kwenye kila kitu, naamini bado mtu anaweza kutoka kwa imani na kazi. Ila hilo la mwili kusahau sikulijua, na soba hausi hawakutuambia. Leo nimekwenda kwa dogo tukakaa. Swali: nikimkuta kalala, nitajuaje kama ni usingizi tu?

---

DirishaLaDozi

Asante kwa kwenda kwake, kaka.

Mwite kwa jina kwa sauti, mtikise bega, msugue kifua kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu. Wa usingizi ataamka akikulalamikia. Wa ovadozi haamki, pumzi zake ni chache, au anakoroma kwa sauti ya kugugumia, midomo na kucha zinabadilika rangi, ukimfunua jicho mboni ni ndogo kama ncha ya sindano. Hapo usimmwagie maji, usimpe maziwa, usimdunge chumvi, hayo yote ya mtaani yanapoteza dakika. Itisha usafiri, mwinue kidevu, mpulizie pumzi mdomoni kila sekunde tano. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu. Kama kuna naloksoni, atumiwe, na hata akiamka apelekwe hospitali, kwa sababu nguvu ya naloksoni inaisha kati ya nusu saa na saa moja na nusu na kilichomwangusha kinaweza kuwa bado kimo.

---

Fundi_Kasim

Kaka wa dirishani, mimi nimekuwa kwenye 95 zaidi ya mwaka, niko poa kabisa. Mwezi uliopita nimekutwa na TB, nimeanza dawa. Sasa wiki hii arosto imenirudia kama mwanzo. Wenzangu wanasema dawa ya siku hizi imechakachuliwa, wengine wameshaacha kuja. Nimebaki na mawazo.

---

DirishaLaDozi

Kasim, haijachakachuliwa, na nakuomba uwaambie wenzako hivyo kesho asubuhi. Ni dawa ya TB. Ndani yake kuna rifampisini, ambayo inaliamsha ini liichome methadoni kwa kasi. Kikombe ni kilekile, lakini kinachobaki mwilini ni kidogo sana. Efavirenzi, ARV ya zamani, ilikuwa inafanya hivyohivyo. Dolutegraviri ya sasa haina shida hiyo.

Usiache dawa ya TB, na usijazie kwa kete. Kesho ukifika dirishani usinywe ukaondoka. Omba kumwona daktari, mwonyeshe kadi yako ya TB, utaongezewa methadoni kwa hatua na pengine utahitaji nyongeza zaidi ya moja. Halafu kuna upande wa pili ambao watu wanausahau: ukimaliza TB, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki chache, na dozi uliyoongezewa inakuwa kubwa kwako. Inabidi ushushwe taratibu wakati huo. Waandikie kliniki zote mbili tarehe yako ya kumaliza, na uiandike nyuma ya kadi pamoja na namba ya simu ya kliniki ya methadoni, ili nesi wa TB awapigie kabla hajakufungia faili.